Mvua Isiyoaga

Nyumbani kwetu Igamba, wilayani Mbozi, hakuna anayegombana mwezi wa Novemba. Mvua ya kupandia ikishuka na udongo ukalowa vizuri, kijiji kizima huamka na majembe. Wa kushoto anapanda mahindi, wa kulia anapanda mahindi, na hata mvivu husukumwa na aibu akatoka. Mvua ikikatika ghafla na miche ikanyauka, wote tunarudi duka la pembejeo kununua mbegu upya, na hakuna anayemnyoshea mwenzake kidole, kwa sababu tumekosea pamoja.

Ugomvi wa nyumba yetu ni wa Machi na Aprili, na chanzo chake ni bustani. Wakati huo mahindi yamekwisha kubeba, kahawa bado kijani mitini, na swali linalobaki kila nyumba hulijibu peke yake: lini tupande mboga, vitunguu na maharage ya pili ili kiangazi kitukute na cha kula na cha kuuza? Mvua inapoingia hupiga hodi, inapoondoka haiagi. Unaweza kunyeshewa chepechepe wiki ya tatu ya Aprili, ukarudi nyumbani unatetemeka, kisha usione mvua ya maana mpaka Novemba.

Mimi niliolewa hapa nikitokea Tunduma. Kule mpakani kabichi huja kwa gari, na mambo ya msimu ni shauri la mwenye gari. Huku juu ya uwanda wa Mbozi, zaidi ya mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, nilikuta watu watatu wa nyumba moja wakisoma majira kwa vitabu vitatu tofauti, na bustani moja tu ya kugombania, ile inayoanzia nyuma ya jiko ikateremka kuelekea kijitoni.

Mama mkwe anasoma mbingu. Jioni za Aprili, jua likishazama, hutoka na kitenge mabegani akasimama kando ya migomba akitazama magharibi. Anatafuta Kilimia, lile kundi dogo la nyota zilizosongamana. Mwezi huo Kilimia kila jioni huwa chini zaidi ya jana yake, na Mei ikianza kinazama katika mwanga wa jua na hakionekani tena mpaka Juni, kinapochomoza mashariki alfajiri. Watu wa pwani wana methali yao, kwamba Kilimia kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Hapa kwetu methali hiyo inakaa sawasawa: kinazama mvua zikiwa zinakatika, kinazuka kiangazi kimeshakomaa. Mama hapandi kwa Kilimia. Anafungia nacho. Mche ambao haujatoka kitaluni Kilimia kikizama, kwake hauna haja ya kutoka.

Baba watoto anasoma simu. Kila mwaka kabla ya Novemba, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa msimu kwa mikoa inayopata mvua mara moja kwa mwaka, Songwe ikiwemo pamoja na Mbeya, Rukwa na Katavi, na utabiri huo hutaja wiki ambazo mvua zinatarajiwa kuanza na wiki ambazo zinatarajiwa kukoma. Yeye huzinakili kwenye kalenda ya ukutani kwa kalamu nyekundu, kisha hufuatilia utabiri wa siku kumi kwa bidii ile ile ambayo wengine hufuatilia mpira.

Shemeji, mdogo wake wa mwisho, anasoma bei. Ana rafiki sokoni Tunduma, mahali ambapo malori ya kwenda Zambia na Kongo hupanga foleni na kila kinacholiwa kina mnunuzi. Rafiki huyo akimwambia tenga la nyanya limepanda, shemeji halali.

Nilichukua muda kugundua kwamba Mama na mwanawe mkubwa walikuwa wanasema jambo moja. Nyota ya huyu na kalamu nyekundu ya yule vyote vilionyesha mwisho wa Aprili. Hawakutofautiana mvua itakatika lini. Walitofautiana mtu awe amefika wapi na kazi yake siku hiyo ikifika, na hilo ndilo lililotuletea visa vyote ninavyovisimulia.

Kisa cha kwanza ni cha nyanya za shemeji.

Hoja yake haikuwa ya kijinga, na mpaka leo naitetea. Nyanya huwa ghali Machi na Aprili kwa sababu masika huziua. Atakayezivusha atauza anavyotaka. "Shemeji, nyanya za masika ni nyumba ya bati," aliniambia, na macho yake yalikuwa tayari yanaiona hiyo nyumba. Alisia Januari, akapandikiza Februari, akasimika miti na kufunga kamba kwa ustadi. Mwanzoni mwa Machi mashina yalikuwa yamemfika kifuani, na matunda ya kijani yananing'inia mpaka wapita njia wanasimama kuuliza.

Kisha ikaja wiki ya manyunyu. Haikuwa mvua kubwa. Ilikuwa ile mvua ya rasharasha isiyokoma, wingu limelalia mapaa, na majani hayakauki kuanzia asubuhi hadi asubuhi. Kwanza yakaonekana mabaka ya kahawia yenye ubichi kwenye kingo za majani. Ukigeuza jani alfajiri, chini yake unaona utando mweupe. Halafu mashina yakaanza kuwa meusi. Matunda yakatoka mabaka magumu ya rangi ya udongo. Kabla ya Jumapili kupita, bustani yote ilikuwa imeungua bila moto.

Ugonjwa huu wataalamu wanauita baka jani chelewa, na wakulima wengi wanauita ukungu tu. Unahitaji vitu viwili, ubaridi wa wastani na jani lililolowa, na masika ya Mbozi huvitoa vyote bure. Vimelea vyake husafiri kwa upepo na kwa matone, na vikipata jani bichi lenye maji havihitaji zaidi ya siku chache. Ni ugonjwa ule ule ulioozesha viazi vya Ireland kuanzia mwaka 1845 na kuwatia watu wa nchi ile katika njaa kuu. Shemeji alinunua dawa, akachanganya, akapulizia asubuhi. Mchana mvua ikaisuuza yote. Alirudia. Mvua nayo ikarudia.

Yangeishia hapo yangekuwa hasara ya mtu mmoja. Lakini nyanya na kiazi mviringo ni ndugu wa ukoo mmoja, na matuta ya viazi ya Mama yalikuwa hatua chache tu kutoka kwenye zile nyanya. Ugonjwa ulivuka. Viazi alivyokuwa anavilea kwa ajili ya Pasaka vilinyauka majani vingali vidogo, na tulipovichimba vingi vilikuwa vimeanza kuoza.

Mama hakupiga kelele. Aliacha kusema na mwanawe moja kwa moja. Ikawa wamekaa mkeka mmoja, ugali mmoja mbele yao, naye ananigeukia mimi: "Mwanangu, mwambie shemeji yako anipitishie chumvi." Shemeji anasikia, anapitisha chumvi, kisha na yeye ananiambia: "Shemeji, mwambie Mama chumvi hiyo hapo." Nilifanya kazi ya tarishi mpaka mahindi yakaanza kukauka. Amani ilirudi siku aliyong'oa mabaki yote ya nyanya na viazi, akayafukia mbali kabisa na bustani, bila kuombwa. Mama alitoka, akaangalia shimo, akasema kwa sauti ya kawaida, "Fukia zaidi." Ndivyo walivyopatana.

Kisa cha pili kilitokea mwaka uliofuata, na hiki ndicho kinachosimuliwa hata kwenye harusi.

Maharage ya pili ni zao la hesabu kali. Harage la hapa huchukua takriban wiki sita kutoka kupandwa hadi kuchanua, na miezi mitatu hivi hadi kukauka. Ua linataka mvua, kwa sababu bila unyevu huanguka au huacha ganda tupu. Lakini ganda likishajaa linataka jua, kwa sababu mvua ikilikuta limekomaa, mbegu huchipua au huoza ndani kwa ndani. Mama ana namna yake ya kulisema: "Lichanue kwa mvua, likauke kwa jua." Ukilipanda mwishoni mwa Februari au katika nusu ya kwanza ya Machi, linachanua Aprili mvua zikiwepo na linakauka Mei ikielekea Juni. Ukichelewa wiki mbili au tatu unalipeleka ua lako kiangazini.

Kwa hiyo mbegu lazima iwe ndani ya nyumba kabla ya siku yenyewe. Mama alikuwa na yake, aina ya Njano Uyole iliyotoka kwenye kituo cha utafiti cha Uyole, Mbeya. Aliichambua punje kwa punje wakati wa mavuno, akaichanganya na majivu yaliyochekechwa ili wadudu wasiitoboe, akaihifadhi kwenye ndoo stoo. Kando yake kulikuwa na ndoo nyingine ya rangi ile ile, yenye maharage ya kula. Matuta yalikuwa yameshainuliwa. Tulikuwa tunangoja Jumatatu.

Jumamosi wifi akaingia kutoka Tunduma bila taarifa, na hakuja peke yake. Aliongozana na wazee wa upande wa mchumba wake, watu wazima waliovaa makoti, wamekuja kujitambulisha. Mimi nilikuwa Mlowo sokoni. Mama alikuwa kanisani kwenye kikao cha akina mama. Nyumbani alikuwepo binti yetu mkubwa peke yake, na wageni wa posa wameshakaa barazani. Mtoto alifanya kile ambacho amefundishwa maisha yake yote, kwamba mgeni haondoki bila kula. Akakamata kuku, akainjika maji ya ugali, akaingia stoo gizani na kuchota maharage kwenye ndoo iliyokuwa karibu. Yalikuwa na vumbi jingi, akayaosha vizuri.

Tulirudi, mimi na Mama, tukakuta sufuria limeshafunuliwa. Wageni wanasifu. "Maharage haya mazito mchuzi wake," mzee mmoja alisema, "hata Tunduma hatuyapati." Mama alinawa, akakaa, akatia tonge mdomoni. Nilimwona taya zake zinasimama. Aliangalia bakuli, akaangalia mlango wa stoo, akaangalia tena bakuli. Kisha akameza, akatabasamu, akamwambia yule mzee, "Karibu, baba, ongeza. Yapo mengi." Alikula mbegu yake mwenyewe mbele ya wakwe watarajiwa bila kukunja uso, na wifi yangu anadaiwa heshima hiyo mpaka kesho.

Wageni walipoondoka alikwenda stoo, akatumbukiza mkono kwenye ndoo, akaikuta ina majivu na punje chache za kujaza viganja viwili. Binti yetu alikuwa amesimama nyuma yake analia. Mama alimshika bega. "Usilie. Kosa ni la ndoo mbili kufanana," akasema.

Heri ingekuwa imeishia kwenye machozi. Kupata mbegu nyingine wiki ile ilikuwa kazi. Majirani wote walikuwa wameshapanda, na aliyebakiza alibakiza kidogo. Tulinunua maharage ya sokoni, mchanganyiko wa rangi tatu, ambayo hakuna aliyejua yamekaa ghalani muda gani. Mama aliyafunga kwenye kitambaa kilicholowa kuyajaribu, na nusu tu ndiyo iliyochipua. Ikabidi kutafuta mengine, kuyajaribu tena, na kupanda punje nyingi zaidi kwa shimo. Tulipomaliza, Machi ilikuwa inaaga.

Yalichanua Mei, Kilimia kimeshazama na upepo mkavu wa kusi umeanza kupiga. Maua yalikuwa mazuri kuyatazama na yalidondoka kwa kishindo kisichosikika. Tulimwagilia kwa keni jioni na jioni, lakini shamba la maharage si kitalu, na keni haiwezi kufanya kazi ya wingu. Maganda mengi yalitoka na punje moja, mengine na pumzi tu. Mwaka ule tulinunua maharage ya kula kuanzia Septemba.

Sitaki msomaji adhani baba watoto alikuwa pembeni akichekelea. Alikuwa na kisa chake, na kilitokana na busara iliyovuka mpaka. Aliona masika yameua nyanya za mdogo wake, akaamua kwamba dawa ni kungoja. Mvua ziishe kabisa, majani yakauke, magonjwa yaondoke, ndipo tupande kabichi kwa kumwagilia. Alisia katikati ya Mei. Akapandikiza mwisho wa Juni.

Hapo alikutana na mambo manne yote kwa mpigo. La kwanza ni baridi. Juni na Julai hapa alfajiri hushuka kukaribia nyuzi 10, na kuna siku hupita chini ya hapo. Kabichi haifi kwa baridi hiyo, lakini mche mchanga unaoanza maisha nayo husimama pale pale, wiki baada ya wiki. La pili ni kahawa. Kuanzia Juni mibuni huiva, na kahawa mbivu haingoji mtu. Iliyochumwa leo inatakiwa imenywe leo. Mikono yote ya nyumba ilikuwa mibunini. Watoto waliokuwa likizo ya Juni walibeba maji kwa madumu, nao Julai shule ikawaita. La tatu ni umbali. Yeye alitaka kuhamishia matuta ukingoni kabisa mwa kijito, lakini kiongozi wa kijiji alifika akamkumbusha kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Alikuwa na haki, kwa maana kijito hicho hicho ndicho tunachokitegemea wote Oktoba, na kingo zikilimwa maji hukimbia. Kwa hiyo kila ndoo ilipandishwa kilima. La nne ni vidukari, wadudu wanaopenda ukame kuliko mkulima yeyote, wakaikuta kabichi imedumaa na haina nguvu ya kuwakimbia.

Vichwa vilifunga Oktoba, katika joto kali, maji ya kijito yamebaki uzi. Vilikuwa vidogo na vigumu. Baba watoto aliviweka mezani kimoja kimoja na kuvitazama, na mimi nilimwacha avitazame.

Kuna pia kisa kidogo cha katikati ambacho nisingependa kipotee. Wifi, baada ya kuolewa, alitaka kulipa yale maharage, akatuletea pakiti nzuri ya mbegu za vitunguu iliyotoka Ulaya kwa mtu aliyekuja likizo. Vilistawi ajabu. Majani yalifika magotini, mazito, ya kijani iliyokolea, na chini hakikuumbika kitunguu hata kimoja. Wakati ule tulidhani ni udongo. Sababu ni mwanga. Vitunguu vya nchi za kaskazini huanza kujaza tumba mchana ukifika saa 14 au zaidi, na Igamba, karibu nyuzi 9 kusini mwa ikweta, mchana mrefu kuliko wote wa Desemba hauzidi saa 13. Kati ya Desemba na Juni tofauti ni ya saa moja hivi. Vitakaa vikingoja siku ndefu mpaka vife. Bombay Red na Red Creole, zinazouzwa kwenye maduka yetu, huridhika na saa tulizonazo. Wifi alipoambiwa alicheka, safari iliyofuata akapitia Uyole na kumletea Mama mfuko wa mbegu ya Njano. Deni likafutwa rasmi.

Suluhu ilipatikana jioni moja ya Februari. Mama alituita wote barazani akamwaga punje za mahindi kwenye mkeka. Hakuuliza tunataka kupanda lini. Aliuliza, "Mnataka kula lini? Na mnataka kuuza lini?" Kisha akaanza kupanga punje, kila punje wiki moja, akirudi nyuma.

Vitunguu tunataka kuving'oa mwishoni mwa Agosti, kukavu, ili vikauke shingo na visioze ghalani. Rudi nyuma wiki za shambani, rudi nyuma wiki za kitaluni ambazo ni sita hadi nane, mkono wake ukatua katikati ya Machi. Kabichi tunataka ziwe zimeshika mizizi kabla ya baridi, zifunge vichwa Julai: miche itoke katikati ya Aprili, basi isiwe imechelewa kusiwa baada ya wiki ya pili ya Machi. Karoti hazihamishwi, zinasiwa palepale Aprili mwanzoni. Njegere Aprili, maana zinapenda ubaridi. Vitunguu swaumu mstari mmoja karibu na jiko, Aprili, kwa kuwa baridi ya Juni ndiyo inayovigawa vipande. Wakulima wa bustani wa Uingereza huvichomeka ardhini Oktoba kwa sababu hiyo hiyo, wakiingoja baridi yao. Wao huhesabu kurudi nyuma kutoka siku ya jalidi ya kwanza. Sisi tunahesabu kutoka tone la mwisho.

Shemeji akauliza kuhusu nyanya, na barazani pakanyamaza. Nyanya ndiyo ngumu kuliko zote. Ukiipanda masika inauawa na ukungu. Ukiilenga ichanue Julai, usiku ukishuka chini ya nyuzi 13 hivi maua mengi hupukutika bila kushika. Ukiingoja Agosti joto lirudi, unakutana na kantangaze, yule nondo aliyeingia nchini mwaka 2014, ambaye kiwavi wake huchimba ndani ya jani na ndani ya tunda. Uamuzi wa Mama ulikuwa wa kukata: mistari miwili tu ya nyumbani wakati wa masika, chini ya upenu wa jiko ambako jani halilowi, ya biashara isiwe zaidi ya kiasi ambacho shemeji anaweza kukikagua jani kwa jani kila asubuhi, isiwe karibu na viazi, na isiwe kabla ya Agosti. Mimi ningeongeza kwamba mwenye maji ya shida aiache kabisa nyanya ya biashara na aweke nguvu kwenye vitunguu. Kitunguu kinavumilia kungoja bei. Nyanya haivumilii hata foleni ya Tunduma.

Jambo lililobadilika zaidi ni kitalu. Sasa tunakianza mvua zikiwa bado zinanyesha kwa nguvu, na siri iko kwenye kichanja: tuta lililoinuliwa ili maji yasituame, miti minne, nyasi kavu juu kwa wepesi, ili tone lisichape mche wala kurusha udongo kwenye majani, lakini hewa ipite. Nyasi hizo tunazipunguza kidogo kidogo miche ikikomaa. Miche ya kabichi hutoka jioni, baada ya mvua, katika wiki mbili za katikati ya Aprili, na ya vitunguu huifuata wiki zake zikitimia, ili mvua zilizobaki zifanye kazi moja tu, ya kushikisha mizizi. Mei tunatandaza mabua na makapi ya maharage kati ya mistari, na ndoo za maji hupungua wakati ule ule ambao kahawa inadai mikono. Baba watoto bado anaandika kwa kalamu nyekundu, na Mama bado anatoka jioni kutazama magharibi. Mwaka jana walifunga bustani siku moja, na hakuna aliyemdai mwenzake ushahidi.

Mwenye bustani Igamba, Itaka, Iyula au popote kwenye uwanda huu, kama unasoma haya Machi na hujasia vitunguu, sia wiki hii, chini ya kichanja, usingoje mvua iishe. Kabichi ambayo haijatoka kitaluni Mei ikianza, mpe jirani mwenye maji karibu. Na mbegu ya maharage iondoe stoo leo: itundike juu ya moshi wa jiko, kwenye chombo kisichofanana na kingine chochote ndani ya nyumba, na umwonyeshe kila mtoto anayejua kuinjika sufuria.